Kompyuta ya GB 1: Ipe Kazi Kwanza, Ndipo Uipe Linux

Ukimpelekea fundi laptopu ya zamani inayojikongoja, mara nyingi atakwambia dawa yake ni kuipiga Windows upya. Ataifuta, ataiweka upya, utarudi nyumbani umefurahi. Baada ya wiki chache mashine inarudi palepale: unabofya, unasubiri, taa ya diski inawaka bila kuzima. Fundi hakukuibia. Mashine ina RAM ya GB 1, na kila ukiijaza antivirusi, kivinjari na masasisho, inaelemewa kama ilivyoelemewa mwanzo.

Tena ile Windows yenyewe imeshaachwa na walioitengeneza. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya usalama ya Windows XP mwezi Aprili 2014, ya Windows 7 mwezi Januari 2020, na ya Windows 10 mwezi Oktoba 2025. Windows 11 inadai RAM isiyopungua GB 4 na prosesa ya miaka ya karibuni, kwa hiyo mashine ninayoizungumzia hapa haina njia ya kufika huko.

Linux inaweza kuiokoa, ila si Linux yoyote, na si kwa kazi yoyote. Watu wengi huanza kwa kuuliza Linux ipi ni nyepesi kuliko zote. Wanaipata, wanaiweka, wanafungua Facebook, mashine inaganda, kisha wanasema Linux haifai. Mimi nashauri uanze upande mwingine. Amua kwanza mashine hiyo itafanya kazi gani kila siku. Ukishaamua, kuchagua mfumo ni kazi ya nusu saa.

Tuelewane kidogo kuhusu RAM, maana hapo ndipo kila kitu kinapoamuliwa. RAM ni meza ya fundi cherehani, diski ni kabati lake. Meza ikiwa ndogo, kila anapotaka mkasi lazima kwanza arudishe kitambaa kabatini, na siku nzima inaishia njiani kati ya meza na kabati. Kompyuta nayo RAM ikijaa huanza kuhamishia vitu diskini, na diski ya kuzunguka ya zamani ni ya polepole sana kulinganisha na RAM. Ile taa isiyozimika ndiyo safari hizo.

Kiini cha Linux chenyewe si mlaji. Linus Torvalds alikianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, nchini Ufini, kwenye kompyuta yenye RAM ya MB 4. Kimekua sana tangu hapo, lakini hata leo wanaokula RAM ni wengine: mapambo ya madirisha, na zaidi ya yote kivinjari. Mazingira makubwa kama GNOME yanaweza kumaliza zaidi ya GB 1 kabla hujafungua chochote. Mazingira madogo kama IceWM yanakuachia karibu meza nzima.

Sasa ijue mashine yako. Mambo mawili yanahitajika kabla ya yote: ina RAM kiasi gani, na prosesa yake ni ya biti 32 au 64. Hapa wengi hupotoshwa na Windows iliyomo. Windows ikikuandikia kuwa ni ya biti 32, inajisema yenyewe tu. Mashine nyingi za enzi za Windows 7 ziliuzwa na mfumo wa biti 32 wakati prosesa yake ni ya biti 64. Core 2 Duo zote ni za biti 64. Core Duo ya mwaka 2006, isiyo na ile namba 2, ni ya biti 32, na vilevile Pentium M. Vile vilaptopu vidogo vya mwaka 2008 na 2009 vyenye Atom N270 ni vya biti 32 tu, vingi vilitoka na GB 1, na mwisho wake ni GB 2. Ukiwa na shaka, washa Linux kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, fungua tamino (terminal), andika lscpu, kisha soma mstari wa "CPU op-mode(s)". Ukiona 64-bit hapo, umepata habari njema.

Kabla hujapakua chochote, fungua mfuniko wa chini uangalie RAM yenyewe. Mara nyingi utakuta nafasi mbili na moja iko tupu. Soma lebo: PC2 maana yake ni DDR2, PC3 ni DDR3, na PC3L ni ile DDR3 inayotumia umeme mdogo. DDR2 na DDR3 hazibadilishani, na pengo la chini limekatwa sehemu tofauti ili usizichanganye, kwa hiyo usilazimishe. Nenda nayo mkononi kwa wauzaji wa vipuri vya mtumba, umwonyeshe muuzaji lebo. Kama mashine ni ya biti 64 na inakubali kufika GB 4, hiyo ndiyo pesa ya kwanza kutumia, na hakuna Linux itakayokupa faida kubwa kuliko hiyo. Pesa ya pili ni ya SSD, diski isiyozunguka. Hata ndogo ya GB 120 inabadilisha mashine kabisa, kwa sababu zile safari za kabatini zinakuwa fupi. Ukiwa umeifungua, toa vumbi kwenye feni na usugue miguu ya RAM taratibu kwa ufutio wa penseli. Mafundi wetu hufanya hivyo kila siku, na husaidia kweli.

Lakini kwa mashine ya biti 32 iliyofika kikomo cha GB 2, au iliyobaki na MB 512, sikushauri kununua kipuri chochote. Itumie ilivyo.

Turudi kwenye kazi. Chukua mfano wa stationery, lile duka la kuchapa barua, kutoa kopi na kuprinti, ambalo kila mji mdogo unalo. Kazi yenyewe ya kuandika na kuprinti, kompyuta ya GB 1 inaimudu vizuri. Shida inaanza mteja anapokuja na waraka wake ulio kwenye WhatsApp. Mwenye duka anafungua WhatsApp kwenye kivinjari, na hapohapo mashine inazama, kwa maana ukurasa ule mmoja unaweza kula mamia ya MB. Hapa watu huamini kwamba lazima wanunue kompyuta mpya. Si lazima. Acha WhatsApp ibaki kwenye simu. Mteja atume faili kwenye simu ya duka, simu iunganishwe na kompyuta kwa waya wa USB, uchague kuhamisha faili, ulivute faili lenyewe, uprinti. Ukizoea, ni haraka kuliko kusubiri kivinjari kifunguke, na kompyuta inabaki na kazi inayoiweza.

Fikiria hivyohivyo kuhusu kazi nyingine. Kuandika na kufanya hesabu za duka: AbiWord na Gnumeric ni nyepesi mno, na LibreOffice nayo inakwenda kwenye GB 1 mradi uvumilie inapofunguka. Mtoto kujifunza kuandika programu: Python na Geany havihitaji hata nusu ya RAM hiyo. Mtoto mdogo: Tux Paint ya kuchora. Maktaba ya shule isiyo na intaneti: Kiwix inaweka Wikipedia nzima ya Kiswahili diskini, ikasomwa bila bando. Kutazama sinema zilizo kwenye flashi: mpv inatosha, mradi picha zisizidi 480p kwa prosesa dhaifu. Mikutano ya video, kurasa nyingi kwa pamoja, YouTube ya picha safi: hapana. Kwa GB 1 jibu ni hapana, na anayekuahidi vinginevyo anakupotezea muda.

Kuhusu aina ya Linux, kwa mashine ya GB 1 au pungufu mimi nachagua antiX. Toleo lake la 23, la mwaka 2023, limejengwa juu ya Debian 12, lina faili la kusakinishia la biti 32 na la biti 64, na linapowaka bila programu yoyote hutumia RAM chini ya MB 300. Sura yake ni ya kizamani na menyu zake zina mambo mengi, lakini kila kitu kinaitika. Puppy, iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, nayo ni nzuri, hasa kwa mashine isiyo na diski, kwa kuwa hujipakia yote kwenye RAM. Siipendi kwa kompyuta ya ofisi inayotumiwa na watu wengi, kwa sababu kwa kawaida mtumiaji wake anafanya kazi akiwa na mamlaka yote ya mfumo. Tiny Core ni ndogo ajabu, chini ya MB 30, ila itamchosha mtu anayeanza. Lubuntu bado inatajwa sana kama Linux ya kompyuta kuukuu. Kumbuka kwamba tangu 2019 haitoi tena matoleo ya biti 32, na kwa GB 1 ni nzito. Ukiwa na GB 2 na biti 64, Debian yenye mazingira ya LXDE au LXQt itakufaa. Ukifika GB 4, Linux Mint yenye Xfce itampendeza hata mtu aliyezoea Windows.

Pakua faili la antiX kwenye kompyuta nyingine, ikiwezekana kwa bando la usiku. Toleo kamili ni chini ya GB 2. Likishafika, hakiki kwamba limefika zima, hasa kama mtandao ulikuwa unakatika. Kwenye Windows fungua kidirisha cha amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe tarakimu zinazotoka na zile zilizotolewa na waliotengeneza. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, pakua upya. Usakinishaji mwingi unaokwama katikati bila sababu chanzo chake ni faili lililofika nusu.

Andika faili hilo kwenye flashi ya GB 4 au zaidi kwa kutumia Rufus. Kwa mashine ya zamani chagua MBR, si GPT. Flashi itafutwa yote, kwa hiyo toa vilivyomo. Kisha chomeka kwenye mashine, uwashe huku ukigusagusa kitufe cha kuchagua pa kuanzia: F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, F9 kwenye HP. Kama haikubali, ingia BIOS kwa F2 au F10, uiweke USB juu ya diski kwenye mpangilio wa kuanzia.

Mashine ikiwaka kutoka kwenye flashi, usikimbilie kusakinisha. Huu ndio muda wa thamani kuliko wote. Kwenye antiX inayoendeshwa kutoka flashi, mtumiaji ni demo na nywila yake ni demo, na nywila ya root ni root. Andika free -h uone safu ya "available", hiyo ndiyo RAM uliyobaki nayo kweli. Jaribu sauti. Jaribu mwanga wa skrini. Funga mfuniko uone kama mashine inalala na kuamka. Jaribu Wi-Fi. Ikigoma, na kadi za Broadcom hugoma mara nyingi, chukua simu ya Android, iunganishe kwa waya wa USB na uwashe ugavi wa intaneti kwa USB. Linux huitambua simu kama waya wa mtandao bila kuongeza draiva yoyote, na kupitia hapo utapakua kinachokosekana. Angalia pia afya ya diski kwa amri sudo smartctl -a /dev/sda. Mstari wa Reallocated_Sector_Ct ukiwa na namba kubwa kwenye safu ya mwisho, RAW_VALUE, diski inakufa, na kuweka mfumo mpya juu yake ni kupoteza jioni yako.

Majaribio yakienda vizuri, nakili picha, barua na vyote unavyovitaka kutoka kwenye Windows ya zamani kwenda nje ya mashine. Hakikisha vinafunguka huko vilikokwenda. Ukishachagua kufuta diski yote, hakuna kurudi. Laptopu za umri huu betri zake kwa kawaida zimekufa, na umeme ukikatika katikati ya usakinishaji itabidi uanze upya, kwa hiyo chagua muda ambao umeme wa mtaani kwenu hautetereki. Bofya alama ya kusakinisha, uachie mfumo diski yote, chagua mfumo wa faili wa ext4, na ukubali nafasi ya swap, yaani sehemu ya diski ya kuhamishia vitu RAM ikijaa. Kwa RAM ya GB 1, swap ya GB 2 inatosha.

Baada ya kuwaka mara ya kwanza kutoka diskini, angalia saa na tarehe. Hili linaonekana dogo, lakini limewafanya watu wengi waamini kwamba intaneti ya Linux haifanyi kazi. Betri ndogo ya CR2032 iliyoko ndani ikiisha, mashine inarudi miaka ya nyuma kila unapoizima, na kivinjari kinakataa kurasa kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinaonekana bado havijaanza kutumika. Badili betri hiyo, rekebisha saa, tatizo linaondoka.

Kisha washa zram. Ni mbinu iliyomo ndani ya Linux inayobana vilivyomo kwenye RAM badala ya kuvipeleka diskini, na mara nyingi hubana kufikia nusu au theluthi ya ukubwa wake. Kwenye Debian 12 yenyewe unaandika sudo apt install zram-tools, kisha kwenye faili la /etc/default/zramswap unaweka ALGO=lz4 na PERCENT=50, unaiwasha upya mashine. Prosesa italipa gharama kidogo, ila kwa mashine yenye diski ya kuzunguka utaona tofauti siku hiyohiyo.

Kivinjari kipe nidhamu. Firefox yenye uBlock Origin hupunguza mzigo mkubwa, kwa sababu matangazo ndiyo sehemu nzito ya kurasa nyingi. Fungua ukurasa mmoja au miwili kwa wakati, ufunge ulioumaliza. Kwa kusoma maandishi tu, NetSurf na Dillo hufunguka papo hapo, ingawa kurasa nyingi za kisasa hazitakaa sawa humo.

Kwako unayefanya kazi ya kuprinti, mambo mawili yatakuokoa aibu mbele ya mteja. La kwanza ni fonti. Mteja analeta wasifu wake wa kuombea kazi ulioandikwa kwa Calibri kwenye kurasa mbili, unaufungua, umekuwa kurasa tatu na jedwali limehama. Sakinisha fonts-crosextra-carlito, fonts-crosextra-caladea na fonts-liberation. Carlito ina vipimo vilevile vya Calibri, Caladea vya Cambria, na fonti za Liberation vya Times New Roman na Arial, kwa hiyo mistari inabaki mahali pake. Ikiwezekana mwombe mteja alete PDF. La pili ni printa. Nyingi za HP hufanya kazi kwa programu ya HPLIP, lakini baadhi ya LaserJet ndogo, kama P1102, zinahitaji kiongezi kinachopakuliwa kwa amri hp-plugin, nacho kinahitaji intaneti. Printa za Canon LBP za zamani husumbua zaidi. Jaribu printa yako siku ya kuweka mfumo, usingoje mteja awe amesimama kaunta.

Neno moja la ukweli kwa wenye mashine za biti 32. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32, na Google iliacha Chrome ya biti 32 kwenye Linux tangu mwaka 2016. Mlango wa intaneti kwa mashine hizi unafungwa taratibu. Zipangie kazi zisizohitaji mtandao: kuandika, hesabu, kuprinti, kujifunza, maktaba. Usizitumie kwa benki.

Sisi Waswahili hatukuwa wageni katika jambo hili. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, wakati ambapo kompyuta nyingi nchini Tanzania zilikuwa na RAM pungufu ya hizi tunazotaka kuzitupa leo.

Kwa hiyo naomba walimu wakuu, viongozi wa vikundi na wenye ofisi zenye stoo iliyojaa kompyuta zilizoandikwa kuwa mbovu: kabla hamjaziuza kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, mpeni kijana mmoja anayependa mambo haya flashi yenye antiX na siku mbili za kuzijaribu moja moja. Zenye diski iliyokufa azitoe RAM azihamishie kwenye zilizo nzima. Zitakazowaka, ziandikieni kazi moja kila moja, na ziwekwe mezani.